Vidole Viwili Chini ya Kola

Wilkista Wangila amekuwa fundi wa nguo mjini Kitale kwa miaka thelathini na minne. Chumba chake kimo katika safu ya vyumba vya mabati nyuma ya soko, baina ya kinu cha kusagia mahindi na duka la mbegu. Kwa sababu ya kinu hicho, cherehani zake mbili na kioo cha wateja hufunikwa na unga mwembamba, ambao yeye huufuta kila asubuhi na ambao hurejea kabla ya saa nne. Watu humwita Mama Khisa, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ni mjane. Magoti yake hayamruhusu tena kukanyaga cherehani kutwa nzima, kwa hiyo hushona mpaka adhuhuri, kisha hukata vitambaa na kupima watu hadi jioni.

Katika upimaji ana desturi moja aliyoipata kwa mwalimu wake wa ushonaji huko Bungoma, alikozaliwa. Anapozungusha utepe shingoni mwa mtu, huingiza vidole vyake viwili baina ya utepe na ngozi, ndipo asome kipimo. Kola iliyopimwa hivyo haimbani mwenye kuivaa. Mafundi vijana aliowafunza waliona kwamba huko ni kupoteza wakati, na wengi wao wameacha. Yeye hajaacha.

Mwezi wa Julai mwaka jana, kwaya ya vijana ya kanisa lake ilimwagiza majoho thelathini na sita ya zambarau, yenye kola nyeupe ya kusimama, kwa ajili ya mashindano ambayo yangefanyika Bungoma mwishoni mwa Agosti. Vijana walikuja kupimwa wawili wawili. Jumatatu moja alikuja Joy, msichana wa miaka kumi na minane, kiongozi wa sauti ya soprano, ambaye mama yake, Wahu, hulima viazi na kabichi katika eneo liitwalo Kwanza, nje ya mji, na kuviuza Kitale. Aliandamana na rafiki yake Chepkemoi, ambaye hajui kunyamaza.

“Mama Khisa, huyu mshonee joho la besi,” Chepkemoi alisema kabla hawajaketi. “Sauti imeanguka, bana. Juzi ameimba, sisi tukageuka tukidhani ni Muigai.”

Muigai alikuwa mpiga kinanda wa kwaya hiyo, kijana wa miaka ishirini na mitano, mwenye adabu mbele ya wazee na aliyependwa na kanisa zima. Mnamo Aprili wazee wake walikuwa wamekwenda Kwanza kwa kina Joy kujua nyumba, kama zifanyavyo familia zilizotoka sehemu za kati za Kenya kabla ya mazungumzo ya mahari. Kwa hiyo mzaha wa Chepkemoi ulikuwa mzaha wa kawaida baina ya wasichana. Joy aliucheka, lakini kicheko chake hakikutoa sauti.

Wilkista alipima mabega, akapima mikono, akapima kifua, na Chepkemoi akaendelea kusimulia habari za watu. Utepe ulipogusa shingo, Joy aliukamata mkono wa fundi kwa mikono yake yote miwili, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagonga kioo. Kisha akauachilia mkono na kuomba radhi kwa sauti iliyokwaruza kama kitambaa kigumu kinachochanwa.

“Pole, Mama Khisa. Ni homa tu. Koo inaniuma.”

Wilkista alimtazama shingoni. Hapakuwa na alama yoyote. Akamuuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu aliyempiga. Joy alimtazama machoni moja kwa moja, akasema kwamba hakuna mtu aliyempiga. Alilisema jambo hilo kama mtu asemaye kweli, na Wilkista akaandika daftarini kipimo cha shingo cha kukisia, akawaacha waende zao.

Alasiri hiyo hakufanya kazi nyingi. Alikata joho moja, akakosea mkono, akalikunja na kuliweka kando.

Wilkista alikuwa na mdogo wake, jina lake Everlyne, aliyeolewa Tongaren, katika mashamba waliyogawiwa wakulima baada ya uhuru. Mume wa Everlyne alikuwa mkulima hodari na mzee wa kanisa. Krismasi moja, miaka kumi na tisa iliyopita, Everlyne alikuja Kitale kumtembelea dada yake. Alikuwa na sauti ya kukwaruza, akawa anameza chai kwa shida huku ameinamisha kichwa. Wilkista alimchemshia tangawizi na limau. Alimuuliza kama mumewe alimpiga, na Everlyne akajibu: “Hapana, dada. Hajanipiga.” Kwa siku nne alizokaa hapo alikunywa tangawizi, akaimba kidogo jikoni kwa sauti hiyo mbovu, wakacheka. Kisha akarudi Tongaren. Mwezi wa Machi waliitwa kumzika. Mahakamani daktari alieleza kwamba alikufa kwa kunyongwa kwa mikono, na jirani mmoja akatoa ushahidi kwamba haikuwa mara ya kwanza, kwamba mume huyo alikuwa na tabia ya kumshika mkewe shingo wanapokosana.

Kwa miaka hiyo yote Wilkista amelitafakari jibu la mdogo wake, na ameshindwa kulihesabu kuwa uongo. Aliulizwa juu ya kupigwa, akajibu juu ya kupigwa. Hakuna aliyemuuliza juu ya shingo.

Siku ya Jumanne Wahu mwenyewe alifika dukani, akiwa na kikapu na vumbi la Kwanza viatuni. Aliomba kola ya binti yake ilegezwe kidogo, kwa kuwa Alhamisi wangekwenda Lwakhakha, mpakani, kwa mzee mmoja anayekata kilimi.

“Sauti imekwama wiki tatu, Mama Khisa. Nimempa tangawizi, nimempa limau, nimempa mpaka ile dawa ya kifua. Ni kilimi kimerefuka. Ndugu yake alikatwa hapo hapo akiwa mdogo, na akapona kabisa.”

“Na Joy anasemaje?”

“Amekubali. Hata hakubisha.”

Wahu aliyasema hayo kwa fahari kidogo, kama mama anayemsifu mtoto mtiifu. Alipoondoka, Wilkista alibaki amekaa juu ya kiti cha cherehani pasipo kushona. Msichana aliyemaliza kidato cha nne, aliyesoma mwili wa binadamu na kufaulu, alikuwa amekubali kwenda kukalia kigoda cha mtu asiyemjua, afungue kinywa, akatwe nyama ya ndani ya koo kwa kisu. Hakubisha kwa sababu kubisha kungemlazimu kueleza ni nini kilichomuuma.

Ni haki kusema kwamba Wilkista alitamani jambo hilo liwe la mtu mwingine. Majoho ishirini na mawili yalikuwa bado. Goti la kushoto lilikuwa limevimba. Alimjua Muigai tangu akiwa katika shule ya Jumapili, na alizijua familia zote mbili, na alifahamu vyema ni watu gani wangeacha kumsalimu. Alikuwa amekwisha kupita mara moja katika maisha yake kwenye benchi za ofisi na mahakama, na hakuna kitu alichokikumbuka kwa uchovu kama benchi hizo. Hata hivyo, saa kumi alimpigia Joy simu, akamwambia kipimo cha shingo kimekosewa, aje kesho asubuhi, na aje peke yake. Kuhusu kipimo alisema kweli.

Jumatano, saa tatu, Joy alikuja. Wilkista alifunga mlango nusu, akavuta pazia la kona ya kujaribia nguo, akaketi naye humo juu ya marobota ya kitambaa cha zambarau. Kinu cha jirani kilikuwa kinaunguruma, na hakuna mtu wa nje ambaye angeweza kuwasikia. Hakuuchukua utepe. Aliweka kiganja chake mwenyewe juu ya koo lake mwenyewe.

“Juzi nilikuuliza vibaya,” alisema. “Sasa nauliza tena. Kuna mtu alikushika hapa?”

Joy aliutazama mkono ule.

“Mara tatu.”

“Nani?”

“Lakini hajanipiga, Mama Khisa. Muigai hajawahi kunipiga, hata kofi. Ananishika tu. Mpaka naona giza, halafu ananiachilia, halafu analia.”

Mengine aliyasema kwa vipande. Mara ya kwanza ilikuwa wiki tatu nyuma, siku ilipotoka barua ya kumwita chuoni Bungoma. Muigai alisema kwamba wasichana wanaokwenda chuo hawarudi. Mara ya pili hakumbuki ilianzia wapi. Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi, nyuma ya kanisa baada ya mazoezi, huku wenzao wakikunja viti ndani. Hakupiga kelele kwa sababu hakuwa na pumzi ya kupigia kelele. Na lilikuwapo jambo jingine, ambalo aliligusa mara mbili na kuliacha.

Wilkista hakumkemea, wala hakumsifu, wala hakumwahidi kitu. Alimwambia kwamba watakwenda hospitali sasa hivi, si kesho, kisha akafunga mlango wote na kutundika kibao cha “Njoo kesho”.

Hospitalini walikaa kwenye foleni mpaka saa saba. Aliyewapokea ni tabibu wa makamo aitwaye Chepkirui, mwanamke asiyepoteza maneno. Alilivuta kope la chini la Joy na kumwonyesha Wilkista vidoadoa vyekundu, vidogo kama ncha ya penseli, ambavyo mtu asiyetafuta asingeviona. Aliuliza juu ya kumeza, juu ya maumivu ya kichwa, juu ya kusahau. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya kuulizia mambo mengine, kama Jumamosi Joy alijikojolea.

Hapo ndipo Joy alipolia. Hilo ndilo jambo aliloligusa na kuliacha. Alikuwa amefua sketi yake kwenye bomba la kanisa na kwenda nyumbani ikiwa mbichi, na tangu siku hiyo aliamini kwamba aibu yote ni yake.

“Si aibu yako,” Chepkirui alimwambia. “Ubongo ukikosa damu na hewa, mwili unaachilia. Ulikuwa umebakiza kidogo sana, msichana wangu. Na usiseme tena alikushika. Alikunyonga. Hapa naandika kunyonga.”

Akamgeukia Wilkista, akaeleza kwa utaratibu, kama mtu aliyeeleza jambo hilo mara nyingi na kuchoka kuona halifiki mbali. Wengi wanaonyongwa hawabaki na alama yoyote nje, na kwa sababu hiyo watu huona hakuna kilichotendeka. Sauti kubadilika, kumeza kwa shida, kuzirai, kichwa kuuma: hizo ndizo alama. Madhara yanaweza kujitokeza siku kadhaa baadaye, kwa hiyo mtu asikae nyumbani akisubiri uvimbe. Kwenda kukata kilimi katika koo lililoumizwa namna hiyo kungeweza kummaliza. Na jambo la mwisho alilisema akiwa amekwisha kuiweka kalamu mezani.

“Mtu anayekupiga teke amekuumiza. Anayekukaba koo amekuonyesha kwamba anaweza kukuua, na kwamba ni yeye anayeamua lini. Mimi huwa sisubiri mara ya nne.”

Kituo cha polisi walichokwenda alasiri hiyo hakina haja ya kutajwa. Kijana aliyekuwa kaunta alimtazama Joy juu hadi chini, akauliza jeraha liko wapi. Wilkista aliiweka mezani karatasi ya tabibu na kumsihi asome mstari wa nne. Akausoma. Akasema kwamba mambo ya wachumba huwa yanaisha nyumbani. Wilkista alimwambia kuwa ana mdogo wake ambaye mambo yake yaliishia nyumbani, naye yuko tayari kumsubiri afisa wa dawati la jinsia hata akifika Ijumaa, kisha akakalia benchi. Lilikuwa benchi lile lile la miaka kumi na tisa iliyopita, au jingine la seremala yule yule. Afisa wa dawati alifika baada ya saa mbili, akawapa fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kwa ajili ya mahakama, na kuandika maelezo ya Joy.

Palibaki Kwanza. Walifika jua likiwa bado liko juu ya mahindi, na wakamkuta Wahu uani akifunga ndizi na chupa ya maji kwa ajili ya safari ya kesho. Joy aliingia ndani. Wilkista alieleza yote akiwa amesimama, kwa sababu alijua akiketi goti halitamwinua.

Wahu alisikiliza huku akiendelea kufunga. Aliuliza kwanza ni nani mwingine anayejua. Akasema kwamba wazee wa Muigai wamekwisha kujua nyumba, kwamba siku ya mahari imepangwa, kwamba kijana yule hanywi pombe. Kisha akasema neno ambalo Wilkista alikuwa akilingojea tangu aingie uani.

“Lakini si hajampiga, Mama Khisa. Ni hasira ya vijana. Kushika tu.”

“Mdogo wangu Everlyne aliniambia hivyo hivyo,” Wilkista alijibu. “Nikampa tangawizi. Nimempikia tangawizi siku nne, Mama Joy, na sauti yake ikiwa hii hii ya Joy. Halafu mimi mwenyewe nikamsindikiza akapande gari la Tongaren. Machi tukaitwa kumzika.”

Wahu alimfahamu Wilkista kwa miaka kumi na mitano na hakuwahi kusikia jina hilo. Mikono yake iliacha kufunga. Akakaa juu ya gunia la viazi.

“Na kwa yule mzee wa Lwakhakha,” alisema, “mgonjwa hushikwa kichwa asitikisike. Nilikuwa nimwambie nitamshika mimi.”

Aliinuka, akaingia ndani alikoingia binti yake, na mlango ukabaki wazi. Kutoka uani Wilkista alisikia swali lile lile likiulizwa kwa Kigikuyu, na sauti iliyokwaruza ikijibu. Hakungoja chai. Alitembea hadi barabarani polepole, akipumzika kwenye mawe mawili anayoyajua.

Hakuna kilichokwenda haraka baada ya hapo. Muigai alikamatwa, akaachiliwa kwa dhamana baada ya siku tatu, akapigwa marufuku na mahakama kumkaribia Joy. Alituma ujumbe kwa namba za watu wengine akiomba msamaha, kisha akitisha, kisha akiomba tena. Wahu aliupeleka kila ujumbe kwa afisa wa dawati. Kanisani watu waligawanyika. Baadhi walisema kwamba fundi wa nguo amevunja ndoa kabla haijafungwa. Wateja sita waliokuwa wamewaleta watoto wao kupimiwa sare walikuja kuchukua vitambaa vyao. Kesi imetajwa mara nne na kuahirishwa mara nne, na kila mara Wilkista hufunga duka na kwenda kukaa. Chepkemoi huenda naye. Katika mara hizo zote msichana huyo hajafanya mzaha wowote. Alimwambia Wilkista kwamba Jumamosi ile alikuwa mmoja wa waliokuwa wakikunja viti.

Majoho yalikamilika siku mbili kabla ya mashindano. Joy alipokuja kulijaribu lake, hakuweza kuifunga kola. Vidole viwili vilipita chini yake, hata vitatu, lakini ikifungwa tu alianza kuvuta pumzi kwa nguvu na jasho likamtoka. Wilkista alichukua wembe akaifumua kola hiyo, akapindia shingo wazi. Mwalimu wa kwaya alipoliona alilalamika kwamba joho moja litatofautiana na mengine mbele ya waamuzi. Wilkista hakubishana naye. Aliomba arudishiwe majoho yote thelathini na matano, na kwa siku hizo mbili akafumua kola zote, moja baada ya nyingine, huku Wahu akiwa ameketi kando yake akiokota nyuzi.

Bungoma walipata nafasi ya tano. Joy hakuimba soprano. Sauti hiyo haijarudi, na Chepkirui hakuahidi kwamba itarudi. Aliimba alto, katika safu ya nyuma. Wenzake waliporudi Kitale, yeye alibaki. Wepukhulu, kaka yake Wilkista, ana nyumba karibu na mji wa Bungoma, na mkewe alikuwa amekwisha kumtandikia kitanda. Chuo kilifunguliwa Jumatatu iliyofuata. Sanduku la Joy lilikuwa limesafirishwa kimyakimya pamoja na majoho, likiwa chini kabisa. Wilkista alimsindikiza hadi langoni mwa kaka yake, akahakikisha kwamba lango linafungwa kwa ndani, akamwambia apige simu kila Jumapili. Mpaka sasa anapiga.

Siku ya tatu baada ya kurudi, Wilkista alifuta unga juu ya kioo na kufungua duka. Mteja wa kwanza alikuwa msichana wa shule mwenye umri wa miaka kumi na sita, aliyetumwa na shangazi yake kupimiwa blauzi. Wilkista alimpima mabega na mikono. Kabla ya kufika shingoni aliuliza, kama anavyowauliza sasa vijana wote, wa kike na wa kiume, kwa sauti ya mtu anayeulizia rangi ya kifungo: kama anaruhusiwa kumgusa hapo, na kama kuna mtu yeyote aliyewahi kumshika hapo.

Wengi hujibu hapana mara moja na kucheka. Huyu hakucheka. Alikitazama kinu kupitia dirisha, akauliza kama shangazi yake ataambiwa.

Goti la Wilkista lilikuwa linauma tangu asubuhi. Aliuweka utepe juu ya meza, akavuta pazia, akatafuta mahali pa kuketi.